Ijue Karatasi Yako ya Kipimo cha Damu

Ndugu Msomaji,

Leo katika safu yetu ya afya tutazungumza juu ya karatasi ndogo yenye namba nyingi. Ni karatasi ya majibu ya kipimo cha damu.

Hapa kwetu wilaya ya Kilosa, zahanati nyingi hazina mashine ya kuhesabu damu. Mgonjwa hupimwa malaria, na pengine hupimwa wekundu wa damu. Ikihitajika picha kamili ya damu, huandikiwa aende hospitali ya wilaya pale Kilosa mjini, au hospitali ya Mtakatifu Kizito kule Mikumi. Mtu hutoka Zombo, Ulaya au Rudewa. Hulipa nauli, hupanga foleni, hutolewa damu. Jioni hurudi nyumbani na karatasi mfukoni.

Hapo ndipo maneno huanza. Jirani mmoja huisoma akasema, "Damu yako imekwisha." Mwingine husema, "Damu yako imezidi, una presha." Wa tatu husema, "Mashine haikuona kitu, kwa hiyo umerogwa." Mgonjwa huuza mbuzi, huacha dawa, au hukaa nyumbani wakati hatari inamjia.

Ndugu Msomaji, sasa unajua kusoma na kuhesabu. Basi tusome karatasi hii pamoja. Tuone namba zake zinatoka wapi, zinaweza kukosea vipi, na sisi tunaweza kuzielewa vibaya vipi.

DAMU INA NINI NDANI YAKE

Ukiitazama damu kwa macho, huona kitu kimoja chekundu. Lakini ukiitazama kwa hadubini utaona vitu vingi.

Kwanza kuna maji ya damu. Hayo ni ya rangi ya manjano. Ndani ya maji hayo huelea chembe za aina tatu.

Chembe nyekundu hubeba hewa safi kutoka kwenye mapafu na kuipeleka mwilini kote. Wekundu wake unatokana na kitu kiitwacho himoglobini. Himoglobini ina madini ya chuma ndani yake. Chembe nyekundu moja huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine huzaliwa.

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Hupigana na vijidudu. Askari hao wako wa aina mbalimbali.

Chembe sahani ni ndogo kuliko zote. Kazi yake ni kuziba kidonda ili damu isiendelee kutoka.

Kipimo cha picha kamili ya damu huhesabu chembe hizo za aina tatu na kupima himoglobini. Hiyo ndiyo kazi yake.

HERUFI NA NAMBA KWENYE KARATASI

Karatasi hii mara nyingi huandikwa juu yake herufi FBP. Maana yake ni picha kamili ya damu. Chini yake kuna mistari mingi. Wewe tafuta mistari minne tu.

HB au HGB ni himoglobini, yaani wekundu wa damu. Hupimwa kwa gramu katika desilita moja. Desilita moja ni kama nusu ya glasi ya maji. Ukiona HB 12, maana yake nusu glasi ya damu yako ina gramu 12 za himoglobini.

RBC ni chembe nyekundu.

WBC ni chembe nyeupe.

PLT ni chembe sahani.

Sasa angalia jambo moja. Mashine hufupisha namba. Ukiona WBC 5.2, si kwamba una askari watano tu. Maana yake ni chembe 5,200 katika tone dogo kama kichwa cha pini. Ukiona PLT 210, maana yake ni chembe sahani 210,000 katika tone hilo hilo.

Angalia pia nukta. HB 11.2 ni kumi na moja na nukta mbili. Mashine nyingine hupima kwa gramu katika lita nzima, nazo huandika 112. Ni kitu kile kile. Lakini mtu akinakili namba kwenye daftari na kusahau nukta, au akaweka nukta pasipo pake, mgonjwa anaweza kuonekana mzima kumbe hana damu.

Pembeni ya namba huenda ukaona herufi L au H. L maana yake namba iko chini ya kiwango kilichowekwa kwenye mashine. H maana yake iko juu. Herufi hiyo si jina la ugonjwa. Ni kama mtu anayepiga hodi akisema, "Hebu tazameni hapa."

MASHINE HUHESABU VIPI

Zamani damu ilihesabiwa kwa macho. Mtaalamu alitazama kwenye hadubini na kuhesabu chembe moja moja juu ya kioo chenye miraba. Ilichosha macho na ilichukua muda.

Mwaka 1953 huko Marekani, mtu aitwaye Wallace Coulter alipata hati ya kutambuliwa kwa njia mpya aliyoibuni. Chembe za damu huchanganywa na maji ya chumvi yanayopitisha umeme. Kisha hupitishwa kwenye tundu dogo sana. Kila chembe inapopita, umeme hushtuka kidogo. Mashine huhesabu mishtuko. Mshtuko mkubwa ni chembe kubwa, mshtuko mdogo ni chembe ndogo. Mashine nyingi za siku hizi bado hutumia njia hiyo.

Wafugaji wetu wataelewa upesi. Ni kama kuhesabu mbuzi wanapoingia zizini kwa mlango mwembamba. Unakaa mlangoni na kuhesabu mmoja mmoja. Lakini mbuzi wawili wakiingia wamebanana, unaweza kuhesabu mmoja. Mbwa mdogo akipita gizani, unaweza kumhesabu kuwa ni mwana-mbuzi. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Chembe sahani zikishikamana, mashine huziruka au huzidhani ni kitu kingine. Vipande vya chembe nyekundu vikipita, huweza kuvihesabu kuwa ni chembe sahani.

Jambo la pili ni kwamba mashine haihesabu damu yako yote. Huchukua tone dogo tu, kisha hupiga hesabu. Ni kama sensa ya tembo. Mwaka 2013 wataalamu walirusha ndege juu ya Selous na Mikumi kuhesabu tembo. Hawakumhesabu kila tembo. Walihesabu katika sehemu walizopita, kisha wakapiga hesabu ya eneo lote, wakakadiria tembo kiasi cha 13,000. Hesabu kama hiyo ni ya kweli ikiwa sehemu iliyotazamwa inafanana na eneo zima. Tone la damu nalo lazima lifanane na damu yote iliyomo mwilini. Lisipofanana, namba itadanganya, hata kama mashine ni mpya.

MAKOSA KABLA YA DAMU KUFIKA KWENYE MASHINE

Watu wengi hudhani kosa likitokea ni la mashine. Lakini makosa mengi huanza mapema, kabla mashine haijawashwa. Tuyataje.

1. Jina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Juma Athumani watatu. Kichupa kikiandikwa "Juma" tu, damu ya mmoja inaweza kupewa majibu ya mwingine. Kosa hili ni baya kuliko yote, kwa sababu namba zote huonekana nzuri, kumbe si zako.

2. Mkono wenye dripu. Damu ikitolewa kwenye mkono unaoingia maji ya dripu, damu huchanganyika na maji hayo. HB itaonekana imeshuka sana. Ni kama kutia maji kwenye maziwa kisha kulaumu ng'ombe.

3. Kukamua kidole. Damu ya kidole ikikosa kutoka vizuri, mtu hukikamua kwa nguvu. Maji ya nyama hutoka pamoja na damu, na namba hushuka. Kidole kipashwe joto kwanza, kichomwe vizuri, na tone la kwanza lifutwe.

4. Mpira wa kufunga mkono. Ukifungwa muda mrefu, maji ya damu hutoka kwenye mshipa na chembe hubaki zimesongamana. Namba hupanda kidogo kuliko kweli. Mpira usizidi dakika moja.

5. Kichupa kisichotikiswa vizuri. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake kuna dawa ya kuzuia damu isigande. Mara damu inapoingia, kichupa hugeuzwa juu chini polepole mara 8 hadi 10. Kisipogeuzwa, damu huganda. Chembe sahani hunaswa ndani ya donge, na karatasi itasema chembe sahani zimekwisha. Kikitikiswa kwa nguvu nako ni vibaya, kwa sababu chembe nyekundu hupasuka.

6. Damu kidogo mno. Kichupa kina mstari. Damu isipofika kwenye mstari, dawa inakuwa nyingi kuliko damu, na chembe huharibika.

7. Damu iliyotuama. Mnajua togwa. Ukiiacha bila kukoroga, unga hukaa chini na maji hubaki juu. Anayechota juu hupata maji, na anayechota chini hupata unga. Damu nayo hutuama. Lazima ichanganywe tena kabla ya kupimwa.

8. Kuchelewa na joto. Ni vema damu ipimwe siku ile ile. Damu iliyokaa kwenye joto, au iliyorushwarushwa kwenye pikipiki kutwa nzima, huharibika. Masika yakikata barabara, damu hukawia njiani. Wazee mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalivyoharibu hata reli hapa Kilosa. Wakati kama huo, ni afadhali mgonjwa apelekwe mwenyewe, au damu nyingine itolewe, kuliko kupima damu iliyooza.

MAKOSA KWENYE MASHINE YENYEWE

Mashine ni kama mizani ya duka. Mizani mizuri hupimwa kwanza kwa jiwe linalojulikana uzito wake. Maabara nzuri nayo, kila asubuhi, hupima kwanza damu maalumu ambayo namba zake zinajulikana. Namba zikitoka sawa, kazi huanza. Zikitoka tofauti, mashine hurekebishwa kabla ya kumpima mgonjwa.

Umeme ukikatika na kurudi, dawa za mashine zikipita muda wake, au tundu dogo likiziba, namba huweza kuharibika. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara akiona namba ya ajabu hukimbilia hadubini. Hupaka tone la damu kwenye kioo, hulitia rangi, na kulitazama kwa macho yake. Akiona chembe sahani zimeshikamana mafungu mafungu, atajua kwamba mashine imekosea. Kuna watu ambao chembe sahani zao hushikamana kwa sababu ya dawa iliyomo kwenye kichupa, wakati ndani ya mwili ziko salama kabisa.

Kwa hiyo, mtaalamu akikuomba damu mara ya pili, usikasirike. Usidhani anaiuza. Anataka kuhakikisha.

MAKOSA YA KUZIELEWA NAMBA

Tuseme sasa jina ni lako, damu ilitolewa vizuri, na mashine ilikuwa sawa. Namba ni ya kweli. Hata hivyo tunaweza kuielewa vibaya. Hapa ndipo sisi wa zahanati na nyinyi wananchi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi.

Namba hupimwa kwa kiwango cha nani?

Mtoto si mtu mzima mdogo. Mwanamke si mwanamume. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, linasema mtu ana upungufu wa damu HB yake ikiwa chini ya hapa:

Mwanamume: 13.
Mwanamke asiye na mimba: 12.
Mjamzito: 11 mwanzoni na mwishoni mwa mimba, na 10.5 katikati ya mimba.
Mtoto wa miezi 6 hadi 23: 10.5.
Mtoto wa miaka 2 hadi 4: 11.

Mtoto mchanga aliyezaliwa leo huwa na HB ya juu kuliko baba yake, na chembe nyeupe nyingi pia. Hiyo ni hali yake ya kawaida. Mashine isipoambiwa umri, itaandika H mahali pasipostahili.

Watu wanaoishi juu milimani huwa na HB ya juu zaidi, kwa sababu huko hewa ni nyepesi na mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi. Mtu wa Mbeya mjini, penye kimo cha mita 1,700 hivi, asilinganishwe moja kwa moja na mtu wa tambarare za Mikumi.

Tena viwango vinavyochapwa kwenye karatasi mara nyingi vilitoka kwenye vitabu vya nchi za mbali. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa damu za watu wazima wenye afya njema wa Mbeya. Baadhi ya namba zao hazikulingana na zile za nchi za Magharibi. Watu wengi wa Afrika, kwa asili ya kuzaliwa, wana chembe nyeupe za aina moja chache kidogo, nao ni wazima kabisa. Karatasi ikiandika L kwenye WBC, usilie. Muulize tabibu.

Mama aliyetoka kutokwa na damu

Jambo hili lishikeni sana. Mama amejifungua na ametokwa na damu nyingi. Amepimwa HB saa ile ile, ikaonekana 12. Ndugu wanasema, "Damu ipo, twende nyumbani." Hilo ni kosa la kuua.

Kwa nini? Mtu akitokwa na damu, hupoteza chembe na maji kwa pamoja. Damu iliyobaki mwilini ni kidogo, lakini uzito wake haujabadilika. Ni kama debe la togwa lililomwagika nusu. Ukionja iliyobaki, utamu ni ule ule, lakini togwa imepungua nusu. HB hushuka baadaye, mwili unapovuta maji kuingia kwenye mishipa. Hapo mama anaweza kuwa amekwisha kuzimia. Kwa hiyo mtazame mama mwenyewe. Je, mapigo ya moyo yanakwenda mbio? Je, anatoka jasho baridi? Je, ana kiu na kizunguzungu? Dalili hizo zina nguvu kuliko karatasi.

Mgonjwa wa kuhara

Mtu aliyehara na kutapika hupoteza maji, lakini chembe hubaki. Damu yake huwa nzito, na HB huonekana nzuri. Akishapewa maji ya kutosha, HB hushuka na ukweli hujitokeza. Watu husema dripu imemmaliza damu. Sivyo. Dripu imeonyesha upungufu uliokuwa umejificha.

Mama mjamzito

Katika mimba, maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu. HB hushuka kidogo, nalo ni jambo la kawaida. Chembe nyeupe nazo huongezeka. Lakini HB ikishuka chini ya 7, huo ni upungufu mkubwa na unahitaji hospitali mara moja. Mama ahudhurie kliniki, ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa, na apimwe tena kama anavyoelekezwa.

Chembe nyeupe si jina la ugonjwa

Chembe nyeupe zikipanda, wengi husema, "Ana wadudu kwenye damu." Lakini askari hawa huongezeka kwa sababu nyingi. Mtoto aliyelia sana, mtu aliyekimbia, mtu anayetumia dawa kama prednisoloni, wote huweza kuwa nazo nyingi. Aina moja ya chembe nyeupe huongezeka mtu akiwa na minyoo au kichocho. Upande mwingine, mgonjwa wa malaria au homa ya matumbo anaweza kuwa na chembe nyeupe za kawaida, au hata chache. Namba hii peke yake haitoshi kumpa mtu dawa.

"Nimepimwa damu, sina ugonjwa"

Maneno haya tunayasikia kila siku. Picha kamili ya damu haipimi virusi vya UKIMWI. Haipimi kisukari. Haitaji kundi la damu. Malaria nayo ina kipimo chake cha haraka au cha hadubini. Kila kipimo hujibu swali lake. Ukitaka kujua kama una malaria, sema upimwe malaria.

"Damu yangu iko juu"

HB ya 15 si presha. Presha ni nguvu ya damu inapobana kwenye mishipa, nayo hupimwa kwa mpira wa mkononi. Mtu anaweza kuwa na upungufu wa damu na presha ya juu kwa wakati mmoja. Usiache vidonge vya kuongeza damu kwa kuogopa presha, wala usiache dawa ya presha kwa sababu HB ni ndogo.

Mgonjwa wa selimundu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Mgonjwa wa selimundu anaweza kuishi siku zote na HB ya 7 au 8, akacheza na kwenda shule. Kwake hiyo ndiyo kawaida yake. Swali ni je, leo imeshuka kuliko kawaida yake? Ndiyo maana karatasi za zamani ni mali. Zisiwashiwe moto.

Namba zinazocheza kidogo

Umepimwa leo HB 11.2. Baada ya wiki, 10.9. Usiseme dawa imeharibu damu. Hata mtu yule yule akipimwa mara mbili siku moja, namba huweza kutofautiana kidogo. Damu haijengwi kwa siku moja. Mtu anayetumia vidonge vya madini ya chuma apimwe tena baada ya wiki nne hivi, ndipo ataona kama anapanda.

NAMBA ZIKIWA CHINI, TAFUTA CHANZO

HB ndogo si ugonjwa peke yake. Ni dalili. Hapa kwetu chanzo kinaweza kuwa malaria, minyoo ya safura, kichocho, chakula kisicho na madini ya chuma, hedhi nyingi, uzazi wa karibu karibu, au selimundu. Ukiongezewa damu leo na safura ikabaki tumboni, baada ya miezi utarudi pale pale. Mwulize tabibu: "Damu yangu imepungua kwa sababu gani?"

MAMBO YA KUFANYA

Kabla ya kupimwa:
Taja majina yako matatu, umri na kijiji. Hakikisha yameandikwa kwenye kichupa mbele yako.
Pumzika kidogo kama umetembea mwendo mrefu.
Sema kama una mimba, umetokwa na damu, umeongezewa damu karibuni, au unatumia dawa yoyote, pamoja na za mitishamba.
Kwa kipimo hiki huhitaji kukaa na njaa. Kunywa maji.

Baada ya kupimwa:
Soma jina na tarehe kwanza, kabla ya namba.
Muulize tabibu akueleze kwa maneno.
Namba ikitofautiana sana na hali yako, omba kipimo kirudiwe. Kuomba kwa heshima si ugomvi.
Tunza karatasi pamoja na kadi ya kliniki.

DALILI ZISIZOSUBIRI KARATASI

Mpeleke mgonjwa mara moja, hata kama karatasi ya jana ilikuwa nzuri, ukiona haya: viganja na midomo vimekuwa vyeupe, anahema mbio akiwa amekaa, mtoto ana degedege, hanyonyi au amelegea, mama anatokwa na damu nyingi, mtu amezimia, au damu inatoka puani au kwenye fizi bila kukoma.

MASWALI YA KUJADILI

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Nasi tujadili maswali haya, nyumbani au darasani.

1. Taja chembe tatu za damu na kazi ya kila moja.
2. WBC 6.0 maana yake ni chembe ngapi katika tone dogo?
3. Damu ikitolewa kwenye mkono wenye dripu, HB itaonekana juu au chini? Kwa nini?
4. Mama ametokwa na damu nyingi sasa hivi, na HB yake ni 12. Je, arudi nyumbani? Eleza.
5. Katika kijiji chenu, watu husema nini wakiona karatasi ya damu? Lipi ni kweli, na lipi si kweli?

Ndugu Msomaji, karatasi ya damu ni shahidi mmoja. Mwili wa mgonjwa ni shahidi wa pili. Maelezo yake ni shahidi wa tatu. Mashahidi hao watatu wakikubaliana, tunaweza kuamua. Wakipingana, tusikimbilie kuamua. Tupime tena, tuulize tena, na tumtazame mgonjwa tena.

Nawatakia afya njema.

Tabibu Msaidizi, Kilosa